Bolti ya Tatu

Alhamisi, 6 Machi
Taa ya eabegi kwenye gari la mama mkwe haizimiki. Nimepima: kompyuta imekufa, ile ndogo chini ya dashibodi inayoamua mifuko ya hewa ifumuke au isifumuke gari likigonga. Nikasema nitabadilisha mwenyewe. Akamgeukia mume wangu: si umtafute fundi mwanamume? Miaka kumi na moja natengeneza umeme wa magari! Mume akajifanya anatafuta funguo.

Ijumaa, 7 Machi
Kompyuta mpya imefika. Namba zinalingana. Jumapili Mama mkwe anasafiri na binti yangu kwa gari hilo, kwenda kwa mdogo wake Mama. Kazi ni kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Nimechomoa betri, nikasubiri dakika kumi umeme uliobaki uishe. Mama kanisimamia: unangoja nini, chai? Nikamweleza mfuko unaweza kukufumukia usoni. Akarudi nyuma hatua tatu. Nilicheka moyoni.

Bolti tatu zikatoka. Mpya ikakaa, mshale ukitazama mbele. Nimefunga mbili — akanipa simu: hebu ongea na mdogo wangu, haamini kama ni wewe unayetengeneza. Nikaongea. Nikachomeka plagi, nikarudisha betri. Taa ikawaka, ikazima. Mama akaniita fundi. Mara ya kwanza! Nimefurahi, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Wameondoka alfajiri, binti kiti cha mbele.

Saa nne nafua ovaroli. Mfukoni — bolti.

Na mimi ndiye ninayewahubiria wenzangu: kaza zote kwanza, plagi baadaye. Mganga hajigangi. Taa haijui habari za bolti. Kompyuta ikilegea, shimo tu la barabarani linaweza kufumua mifuko. Au wagonge, isifumuke.

Nimepiga. Kapokea binti. Nikasema: mwambie bibi aegeshe, azime, mshuke wote. Mama akachukua simu: kuna nini? Ningeweza kusingizia chochote. Nimesema: Mama, nimesahau bolti moja, kosa ni langu. Akakata.

Mume kaazima gari la jirani. Anasema kuna fundi karibu na waliposimama, ampigie? Nikasema mpigie, bora wawe salama. Akampigia, akamjulisha na Mama.

Ujumbe wa Mama umeingia sasa hivi. Wameshuka, wako kivulini. Anaandika: fundi mwingine simtaki. Njoo mwenyewe na hiyo bolti yako.

Nimeusoma mara nne. Sijui kama ni hasira. Spana ninayo, bolti ninayo. Mume anapiga honi —