Imeli Aliyonifungulia Shemeji

Shoga, uko wapi? Nina hasira, usinicheke nikikosea herufi.

Mama kaniamsha kwa simu analia. "Mwanangu, hiyo kansa ungeificha mpaka lini?" Kansa gani? Mimi mwenyewe hospitali hawajaniambia kitu.

Kumbe jana daktari alinitumia imeli kwamba kipimo cha ule uvimbe hakikusomeka vizuri, nirudi nikapimwe tena. Basi. Shemeji, huyu mume wa dada mwenye duka la kompyuta, kaisoma kabla yangu, kaielewa anavyojua yeye, kampelekea mama. Mama mwenye presha.

Nimemfuata dukani. Umeingiaje kwenye imeli yangu? Hana hata haya. "Shem, si mimi niliyekufungulia? Paswedi ninayo. Za ukoo mzima ninazo, kwa usalama wenu."

Kwa usalama wetu, shoga. Fisi kajiajiri mlinzi wa bucha.

Nikakaa palepale kwenye kiti chake, nikampa mgongo, nikafungua kwa simu yangu ile imeli ya siri uliyonihubiria mwaka mzima, ambayo hata wenye kampuni hawawezi kusoma barua zako. Daktari nimeshampa anwani mpya. Shemeji akanyoosha shingo: "Na ukisahau paswedi, nani atakusaidia?"

Nikamwambia nikisahau, barua zipotee zote, mradi wewe zikupite.

Sasa naenda kumtuliza mama. Kipimo ni kesho, nisindikize. Naogopa, lakini jibu nataka nilifungue mwenyewe. Wewe unishike mkono tu, skrini usichungulie.