Uso wa Bice

Montaltino, 9 Januari 1372

Mdogo wangu Ghino,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na mkeo hajambo? Mimi kifua kimenibana. Daktari ananitazama kama anayepima jeneza. Picha ya Mtakatifu Agata uliiahidi Pasaka. Pasaka ipi? Madhabahu ya watawa wangu bado tupu. Nimekupelekea kikapu kizima cha mayai ya kuchanganyia rangi, au mnayakaanga?

Dada yako,
Nuta

Siena, 14 Januari

Dada Nuta,

Milele na milele, amina. Pole kwa kifua, sisi wazima. Mayai tumeyakaanga, ndiyo. Kiini cha yai la kuku wa shamba ni chekundu mno, hufaa sura za wazee. Nilipoyajaribu kwanza, Agata wako alitoka kama anaumwa ini! Wanawali hupakwa kwa mayai ya kuku wa mjini. Tena wewe mara unataka nyusi nyembamba, mara kidevu kichongoke. Rangi hii hukauka kabla sijapiga chafya. Unataka sura ya nani hasa?

Mdogo wako,
Ghino

Montaltino, 20 Januari

Ghino,

Salamu ziwe fupi, pumzi ni chache. Nataka sura ya Bice.

Nilikuambia kitindamimba wetu alifia njiani akija kwangu, mwaka ule wa tauni. Si kweli. Alifika. Funguo za lango la monasteri nilikuwa nazo mimi. Alichungulia kidirishani akicheka: "Nuta, fungua bwana, miguu inaniwaka moto!" Nikaona jipu shingoni mwake. Nikawafikiria watawa waliokuwa ndani, nikafunga kidirisha. Alibisha mpaka sauti ikamkauka.

Padre ameniondolea dhambi; wewe bado. Nataka nimwombe Bice radhi usoni kabla sijafa.

Dada yako,
Nuta

Montaltino, 22 Februari

Ghino,

U mzima kweli? Mwezi kimya, halafu mkokoteni unaleta picha bila hata salamu. Dhahabu inang'aa, joho zuri, uso kijani kitupu! Masista wanauliza ni mtakatifu gani huyu aliyeota ukungu. Kama ni adhabu, sema. Kama ni uvivu, sema pia.

Nuta

Siena, 26 Februari

Dada,

Kifua kinasemaje? Mimi silali kwa hasira.

Kijani ni rangi ya chini tu. Kila uso huanzia hapo. Nilitaka kukuadhibu, kweli. Lakini kuna baya zaidi: nilishika brashi, sura yake ikanikatalia. Nywele nazikumbuka, sauti naisikia, uso umenitoka. Katika ukoo wetu wote, wewe ndiye wa mwisho kumwona.

Nakuja Jumatatu. Utaniambia pua ilikuwaje, alichekaje, nami nitapaka hapo hapo kando ya kitanda chako. Bado sijakusamehe, kwa hiyo usithubutu kufa kwanza.

Mdogo wako,
Ghino