Ngazi na Kifundo cha Mguu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana mama ameniandikia kwamba ukisimama dakika kumi tu mgongo unakubana, na kwamba umeanza kusema utaacha kazi ya rangi. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kelele za bweni nimeshazizoea.

Uliniuliza hiyo ostiopathia ninayosomea ni mdudu gani, na kama nimekuja huku kujifunza kukanda watu. Ulinichekesha, Baba, lakini nakujibu. Ni tiba ya kupapasa na kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono, na ilianzishwa na daktari mmoja wa karne ya kumi na tisa. Homa ya uti wa mgongo iliwaua watoto wake watatu, na dawa za wakati ule hazikufua dafu. Hakukubali kukaa bure. Aliirudia mifupa, akaichunguza upya, hadi akafikia neno lake: mwili ni kitu kimoja, una nguvu ya kujiponya, na umbo lake halitengani na kazi yake. Yapo aliyokosea, na mwalimu wetu hatufichi.

Mwalimu huyo, mwanamke mkali wa vidole vyembamba, huweka unywele chini ya karatasi tuutafute kwa kugusa, macho tumefumba. Kisha anaongeza karatasi. Mimi niliupata chini ya karatasi kumi na mbili, nikatamba siku nzima. Akanikata maringo. Alisema panapouma kila mtu anaweza kupaona. Kazi ni kupata palipoanzia.

Basi nikampelekea viatu vyako, vile vyeusi vyenye madoa ya rangi ulivyonipa nikavitupe. Sikuvitupa. Alipitisha kidole kwenye soli ya kulia, iliyolika upande wa nje, akauliza mwenyewe aliumia kifundo lini. Na hajawahi kukuona. Alisema huenda miaka yote hii unauegemea mguu wa kushoto, na mgongo ndio unaobeba mzigo. Hakuahidi kitu. Anataka kwanza upigwe picha ya eksirei hospitalini, kisha akushike mwenyewe.

Kifundo hicho nakijua. Ni siku ile mlipopaka dari ya shule, ukaanguka, ukasema mjomba aliisogeza ngazi ulipokwenda kuchanganya rangi. Tangu hapo hamjafanya kazi pamoja, na mama humtembelea kaka yake peke yake.

Mjomba hakuisogeza. Niliisogeza mimi. Nilikuwa na miaka saba, na kifuniko cha kopo nilichotaka kuchezea kilikuwa kimebanwa na mguu wa ngazi. Mjomba aliniona kupitia dirisha akaja mbio, wewe umeshapanda. Ulipomlaumu alinitazama, akanyamaza. Amenyamaza miaka kumi na sita, nami nikamwacha abebe lawama yangu. Naona aibu, Baba, na ninalia nikiandika, lakini sirudi nyuma.

Jumamosi nakuja kukuchukua. Nitapita kwanza kwa mjomba nimpigie magoti, kisha nimwombe aje nami, kwa sababu kwenye basi utahitaji mtu mwenye nguvu wa kukushika upande wa kulia. Hasira zako niwekee mimi. Yeye mfungulie mlango.

Msalimie mama, na umpe barua hii aisome.

Ni mimi binti yako,
niliyesogeza ngazi.