Aayo, Miti Yako Imo Kwenye Ripoti Yao

Aayo,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko salamu zinafika, lakini sijawahi kuanza kuzungumza na mama yangu bila neno hilo, na leo siwezi kujifunza namna nyingine.

Nimekaa jikoni kwako, kwenye kigoda chako. Ni Jumapili mchana, watoto wamebaki kanisani na kwaya. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya mradi wameichukua. Nitakueleza ilivyokuwa. Kwanza nikuambie kwamba naogopa. Ulipokuwa hai ulikuwa ukinitazama usoni na kuniuliza, "Resti, una nini?" nami najibu sina kitu. Leo ninacho, na sina wa kumwambia.

Unakumbuka ule mkutano wa darasani, pale shule ya msingi. Fabiano, ofisa wa mradi wa miti, alisimama mbele ya ubao akatueleza kwamba kuna kampuni kubwa ya ng'ambo inayoshughulika na kompyuta. Ina majumba yaliyojaa mashine ambazo hazizimwi, zinakula umeme mwingi, na umeme huo unatoa moshi. Kampuni imeitangazia dunia kwamba itausafisha moshi wake wote. Sisi wa Maretadu tukipanda miti, miti itaumeza moshi ule, na sisi tutapata miche bure na kisima. Watu wakapiga makofi. Wewe ukanyoosha mkono, ukasimama taratibu huku umeshika dawati, ukauliza, "Sisi tutapanda. Na wao wataacha nini?"

Darasa zima lilicheka. Fabiano naye alicheka, akasema, "Swali zuri, mama, nitalifikisha." Mimi nilikuvuta kitenge ili ukae. Niliona aibu, Aayo. Niliona aibu kwa swali pekee la maana lililoulizwa siku ile.

Halafu ukasaini. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikakuuliza mbona umekubali na hujajibiwa. Ukasema, "Nataka miche. Korongo linalokula shamba halingoji majibu." Ukaipanda yote kwa mkono wako, kila shimo na samadi yake, mgrivea mmoja baada ya mwingine kufuata ukingo wa shamba la chini. Masika yaliyofuata yakakukuta kitandani na kifua, na kabla mahindi hayajatoa mbelewele tukakuzika upande wa chini wa nyumba, mahali ulipopachagua mwenyewe.

Baada ya arobaini Fabiano alikuja kutoa pole. Alikuja pia na kazi. Mradi ulitaka mtu aliyemaliza kidato cha nne, apite mashamba yote yaliyosaini, aupige picha kila mti kwa simu, na kwenye simu aandike ni shimo la shamba gani. Nilikubali. Nilijua kazi ile ingenitoa nyumbani, nisishinde nikitazama kitanda chako.

Mwanzoni niliipenda. Kisha likaja jua, Aayo, jua ambalo hukulijua. Vuli haikunyesha, ikapita hivihivi. Nilifika kwa Mama Yustina nikakuta vijiti vimekauka kwenye mashimo, mchwa wamekula chini, ukivigusa vinalala. Alinitazama kama mtoto aliyevunja sahani. Akaniambia, "Nilimwagilia, Resti. Maji ya kunywa yakaanza kuwa shida, nikaacha." Kisima tulichoahidiwa kilikuwa bado hakijachimbwa. Kila nyumba ilikuwa hivyo. Kwako ilibaki mingi, kwa sababu ya samadi na kile kivuli cha migomba, lakini kwa wengine zaidi ya nusu ilikuwa imekufa.

Niliandika kweli, nikatuma. Kesho yake Fabiano akapiga simu. Hakufoka. Ningeona afadhali angefoka. Alisema kwa upole, "Dada Resti, wageni wa kampuni wanakuja mwezi ujao. Wakikuta taarifa hii watahamia wilaya nyingine, na kisima ndiyo basi. Rekebisha. Kila shimo liwe na picha yake." Nikamwuliza nitapiga picha gani na mti haupo. Akasema, "Mti ni mti. Picha haina jina."

Nililifanya, Aayo. Hili ndilo lililonikalisha hapa. Kwa siku tatu nilipita kwenye miti yako, nikaipiga picha kwa mbele, kwa nyuma, kwa karibu, nikainama, nikasogea, na kila picha nikaiweka kwenye shimo la mtu mwingine. Ule mgrivea wa karibu na njia, uliokuwa ukiuita mkwe, ndio niliouweka kwa Mama Yustina mara nyingi kuliko yote. Nilijiambia ni kwa ajili ya kisima. Lakini mikono ilikuwa baridi na jua linawaka. Nilikuwa nikiangalia juu kila wakati, kwa sababu Fabiano aliwahi kutuambia kwamba kampuni ile inaweza kuhesabu mbuzi wetu kutoka angani.

Wageni walikuja na magari mawili. Walikuwa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na Fabiano ndiye aliyekuwa anatafsiri. Walitembezwa mashamba machache tu, yale mazuri, na la kwako likawa la mwisho. Yule mwanamke alishika shina la mti wako akauliza umepandwa na nani. Nikasema mama yangu, na amelala pale. Akainamisha kichwa, wote wawili wakavua kofia. Alikuwa na uso wa mtu mwema, Aayo, sitakudanganya. Hapo nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena. Nikasema, "Mama aliacha swali. Sisi tunapanda. Ninyi mnaacha nini?"

Fabiano alitafsiri. Mwanamume akajibu kwa maneno marefu, yakarudi kwetu mafupi: kampuni imejitoa kwa moyo wote, ahadi yake iko palepale. Mwanamke akasema kitu polepole, na Fabiano akakitafsiri bila kunitazama. Alisema mashine hazijapungua. Zimeongezeka kuliko walivyotarajia, kwa ajili ya hii akili mnemba ambayo watu wanaitaka kila siku. Moshi nao umeongezeka. Ndiyo maana miti yetu ina maana kubwa kwao sasa kuliko mwanzo.

Aayo, hapo ndipo akili ilinifunguka. Nilielewa kile ambacho nilikuwa sijakielewa kwenye simu kwa siku tatu zile. Kila picha ya uongo niliyoituma, mahali fulani mtu ameiandika kama moshi uliokwisha kumezwa, na mashine nyingine imewashwa. Moshi upo. Mti haupo. Na jua linaloua mti wa Mama Yustina linazidi kuwa kali. Niliogopa kuliko siku ile nesi alipofunika uso wako.

Nikasema palepale, "Miti mingi imekufa. Picha nilizotuma si za kweli, ni za miti ya mama." Fabiano akatabasamu, akawageukia, akasema kwa Kiingereza kwamba nashukuru sana na kwamba miti inaendelea vizuri.

Nilimsikia. Alisahau kwamba alinichagua kwa sababu nimesoma. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nikatafuta maneno ya darasani, nikayasema moja moja kwa Kiingereza kibovu: miti imekufa, picha ni uongo, niliyefanya ni mimi.

Unajua yule mwanamke alifanya nini? Alikuwa na daftari mkononi na kalamu. Akalifunga. Akanipa mkono, akapanda gari. Tangu siku ile najiuliza alilifunga kwa sababu aliona aibu, au kwa sababu ndivyo walivyozoea. Labda yeye anaamini kabisa anachokifanya. Labda kule kwao naye ana Fabiano wake anayemwambia arekebishe. Sijui, na kutokujua huku ndiko kunakonitisha. Mwizi ningemjua. Hawa walivua kofia mbele ya kaburi lako.

Majuma yakapita. Mwalimu wa sekondari akaniita, akanionyesha kwenye simu yake ukurasa wa kampuni. Nipo pale, Aayo, nimesimama kando ya mti wako. Chini yake wameandika kwamba miti yote ya Maretadu inastawi na kwamba ahadi yao inatimia. Jina langu hawakuliweka. Lako wameliweka.

Wiki hiyohiyo Fabiano alichukua simu, na mpaka leo kisima hakijaja. Baba Yustina alikutana nami kwenye mashine ya kusaga akaniambia mbele ya watu, "Umetuharibia." Nikashika ndoo yangu ya unga nikaondoka. Tangu hapo nikisalimia, baadhi waliitikia wakitazama chini. Na korongo, wakati sisi tunagombania picha, limekuwa likija. Mvua moja tu ilinyesha, kubwa, ya ghafla, ikala ukingo wote pale ambapo miti haikushika. Nilipima kwa hatua kutoka mdomo wake mpaka kichwani kwako. Sikutaka kuhesabu mara ya pili.

Nilikwenda kwa Mama Yustina nikamwambia hilo tu, kwamba korongo linamfuata mama. Nilidhani atanifukuza. Akaweka chini ungo wa maharage, akachukua jembe. Siku iliyofuata walikuja wanawake tisa na Baba Yustina nyuma yao, amebeba mawe kwenye punda. Tulipanga makinga ya mawe ndani ya korongo, tukapanda mikonge na matete, hakuna aliyepiga picha. Tulipopumzika kula makande, Mama Yustina akasema, "Resti, lete daftari. Andika yangu yote imekufa." Mwingine akasema na yake. Baba Yustina alikuwa wa mwisho. Alisema, "Andika," bila kuinua macho, na kwa yule mzee hilo ni kama kuomba radhi.

Sasa nina orodha ya kweli, na kila mwenye shamba ameweka sahihi. Mtendaji wa kijiji ameisoma na kuigonga muhuri, akatuambia tuifikishe wilayani, kisha tuombe iende kwa kampuni yenyewe kwa lugha yao. Fabiano amepata habari. Alikuja juzi na karatasi nyingine, anataka nirithi mkataba wako, na ndani yake imeandikwa kwamba miti yote uliyokabidhiwa i hai. Akanikumbusha kwamba mkataba ni wa miaka mingi, na kampuni ina wanasheria. Aliposema hivyo mwanangu mdogo kabisa, Neema, alikuwa amenishika gauni. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima na mkataba bado upo. Nilimwambia Fabiano sisaini. Sauti ilinitoka ndogo, lakini ilitoka.

Kwa hiyo usiniulize kama nimekuwa jasiri. Nikisikia pikipiki njiani nadhani ni Fabiano, nafunga mlango. Nawaza watasema mimi ndiye mwongo, maana ni kweli picha nilipiga mimi, na kwenye orodha hii nimeliandika hilo juu kabisa kabla ya mti wa kwanza. Nawaza huenda kampuni itaisoma barua yetu, iseme asante, iende ikapande picha kwa watu wengine, Getanuwas huko wilaya nyingine, au hata nchi nyingine, ambako hakuna aliyeuliza kitu. Nikitazama mawingu upande wa mlima Hanang siombi yaje wala yasije. Nashindwa kuomba.

Kesho alfajiri tunaondoka na Mama Yustina kwenda wilayani. Neema na kaka zake watabaki na shangazi. Orodha nimeishonea ndani ya koti. Nikijibiwa nitakuja kukwambia walivyosema, neno kwa neno, hata kama ni baya, na sitalitafsiri liwe zuri. Wakinirudisha nitakwenda tena, na safari hiyo Baba Yustina amesema atakuja na yeye.

Lala, Aayo. Ngoja nikawapikie watoto kabla hawajarudi.

Mwanao,
Restituta