Miguu ya Muniyandi wodini

Chellamma, shoga, nina hasira! Simu iko sakafuni, naandika kwa jicho moja.

Daktari amenitia hewa jichoni ishikilie retina, ule utando wa nyuma uliobanduka, kisha kanilaza kifudifudi. Nikiinua kichwa, jicho limekwenda. Naona miguu ya watu tu.

Sasa hivi miguu ya mume wangu Muniyandi imesimama kando ya kitanda cha pili, mbele ya miguu isiyo na pete za vidoleni tuvaazo sisi wenye waume. Mjane! MJANE, Chellamma!

"Fungua mdomo, dada, idli bado za moto."

Anamlisha! Idli zangu, vitumbua vya mvuke alivyoniletea mimi!

Nikafoka, "Wewe mzee, mkeo yuko huku!" Nikaanza kuinuka.

"Usiinuke, dada," mjane akasema. "Mimi niliinuka nimwone mwanangu. Sasa sioni hata mkono unaonilisha."

Nikalala tuli.

Nikamwambia Muniyandi, "Haya, mlishe. Ila hiyo miguu yako ielekee huku kwangu."