Niliandika "Hakufika"

Kampala, Jumanne jioni

Chakula kimenishinda leo.

Nimemkuta Wafula sokoni Wandegeya akichagua nyanya kwa mkono wa kushoto. Ni fundi mwashi wa Kyebando, Mkenya kama mimi. Alianguka kazini akavunjika mkono wa kulia, tukamlaza wodini kwetu wiki tatu. Sasa mfupa umeunga vibaya, mkono umepinda, na vidole havikunjiki.

Nikamfokea palepale, mbele ya muuza nyanya. "Kwa nini hukurudi kliniki? Si tulikupa siku?"

Akanijibu kwa upole. "Nilirudi, sista. Mvua ilinizuia njiani, nikachelewa. Nilikukuta ukifunga mlango, ukaniambia nije wiki nyingine."

"Na hiyo wiki nyingine?"

"Niliona haya kukusumbua tena."

Nikaikumbuka ile siku. Miguu ilikuwa ikiniuma, nikafunga bila hata kumtazama usoni. Kisha nikaandika daftarini, kwa mwandiko wangu mwenyewe: hakufika. Na kwenye kikao cha wauguzi nilikuwa wa kwanza kulalamika kwamba wagonjwa wakishatoka hawajali.

Nimemwambia aje kesho, mimi mwenyewe nitampeleka kwa daktari. Huenda ikabidi mfupa uvunjwe upya ndipo unyooshwe. Hilo sikuweza kumwambia pale sokoni.

Alinishukuru, kisha akaniomba radhi kwa kuchelewa siku ile. Nami nikamwambia si kitu, kana kwamba kosa lilikuwa lake.