Shimo la kokoto halifukiwi

Ibra, Omani, Jumanne, 12 Februari 1985

Hawalifukii. Leo hata nimekula nikashiba.

Asubuhi lori la vifusi lilikuwa limeshafika, linanguruma ukingoni mwa shimo ambamo wajenzi wa barabara walichimba kokoto, kisha wakaliacha. Mvua zimelijaza, matete yameota, na ndege wanakuja kulala humo; kila alasiri nakwenda kuwatazama. Pande zote nyengine ni mawe matupu.

Shangazi Zuwena ndiye aliyekwenda kushitaki baladia, ofisi ya mji, kwamba shimo linazaa mbu. Simlaumu. Mwanawe wa kwanza alikufa kwa homa, tukiwa bado Unguja.

Bwana afya wa baladia alisahau chombo chake cha kuchotea, akaazima upawa wa Shangazi. Akachota maji kando ya matete, akachota tena penye kivuli. Hakuona kiluwiluwi hata kimoja. Mlikuwa na samaki wadogo tu, wale wa kwenye falaji, mifereji ya maji ya mashambani, ambao watu wa hapa huwatia visimani ili wawale mbu. Nani kawatia humu, hakuna aliyesema.

"Sasa lifukiwe la nini?" akamwambia dereva. "Rudi na vifusi vyako."

Shangazi akasema, "Na upawa chukua, mwanangu. Mimi sitopakulia tena mchuzi."

Kiangazi likikauka watalileta tena lori, najua.

Lakini alasiri nilimkuta Shangazi ameketi pale ukingoni, peke yake.

"Yule ndege mweupe kwetu tukimwita yangeyange," akaniambia. "Sikujua kama wapo huku. Kesho ukija, nipitie."